Kiboko wa Katikati

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Nasema paukwa!

— Pakawa!

Sasa mmeamka. Songeni basi. Wadogo mbele, wenye vitambi nyuma. Shemeji yangu Mhina, wewe njoo ukae hapa karibu nami, maana ngano ya leo ni yako, na kukimbia huna ruhusa.

Jana huyu shemeji alinionyesha kwenye simu yake mpira wa Wamarekani. Mpira wenyewe una umbo la papai. Wanaubeba kwa mikono, wanakimbia nao kwapani, halafu wanauita mpira wa miguu. Sikusema kitu, kila watu na mambo yao. Lakini pale katikati nikaona majitu manene, yameinama, yanasukumana. Nikauliza, "Shemeji, yule mnene wa katikati, wa upande wa wanaozuia, kazi yake nini?" Akanijibu bila hata kunitazama, "Achana na huyo, shemeji. Huyo anajaza nafasi tu. Mwangalie huyu wa pembeni anavyochomoka!"

Anajaza nafasi tu. Mmesikia? Jana nilimeza maneno yangu. Leo nayatema.

Hapo zamani za kale palikuwa na mbuga kavu, na katikati ya mbuga palikuwa na bwawa. Bwawa moja tu. Upande mmoja waliishi wanyama wa Kilimani. Upande wa pili waliishi wanyama wa Bondeni. Masika wote walikunywa, hakuna neno. Kiangazi kikija, maji hayakutosha. Walipigana. Pembe, meno, damu. Wakapigana tena. Mwisho wakachoka kuzikana, wakapatana hivi: kila kiangazi kinapoanza, tutacheza. Upande utakaoshinda utabaki na bwawa mpaka mvua. Upande utakaoshindwa utaondoka uende Ziwa la Magadi, mwendo wa siku tatu juani, ukanywe maji machungu.

Mchezo wao ulikuwa huu. Walichuma tunda la mwegea, lile refu, zito, linaloning'inia kwenye mti kama papai lililovutwa. Upande mmoja unapewa tunda. Mrushaji wao anasimama nyuma. Mbele yake wanasimama walinzi wawili wenye miili. Mrushaji anatafuta mwenzake aliyekimbia mbele, amrushie tunda, wapate alama. Na upande wa pili unataka jambo moja tu: umfikie mrushaji, umwangushe, pu! kabla hajarusha. Basi. Mengine yote ni kelele.

Bondeni walikuwa na mrushaji hodari, Nyani. Mkono wake ulikuwa mrefu na jicho halikosei. Na walinzi wake walikuwa Nyati wawili, Nyati wa kushoto na Nyati wa kulia. Ukiwatazama tu, unakumbuka ulikuwa na shughuli nyumbani.

Lakini mwaka wa kwanza Bondeni wakashindwa. Mwaka wa pili wakashindwa. Wa tatu, wa nne, wa tano, wakashindwa. Kwa nini?

Pale katikati, uso kwa uso na hao Nyati, Kilimani walimweka Kiboko. Miguu mifupi, tumbo karibu na ardhi, shingo hana. Mchezo ukianza, Nyati wa kushoto anamjia, pu! Nyati wa kulia anamjia, pu! Kiboko yuko palepale. Hasogei. Kisha anatia hatua moja. Nyati wanarudi moja. Anatia ya pili. Nyati wanarudi ya pili. Nyani kule nyuma anaona migongo ya walinzi wake inamjia yeye. Hana pa kusimama. Hana pa kuinua mkono. Anakurupuka, anakimbilia pembeni. Na pembeni yuko nani?

Pembeni yuko Duma!

Vuu! Duma amechomoka. Pu! Nyani chini. Na wanyama wote wanaotazama wanaimba:

*Duma, Duma, mwana wa upepo!*
*Umefika, yuko wapi Nyani?*
*Yuko chini anakula vumbi!*

Na Kiboko? Kiboko yuko katikati, amelaliwa na Nyati wawili, anatafuta pumzi. Hakuna aliyemwimbia. Hata "pole" hakupewa.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe ulipokaa. Mkubwa wa Kilimani alikuwa Twiga. Twiga alijisifu kwa macho. "Mimi naona mpaka mbuga ya tatu," alisema, na ilikuwa kweli. Lakini wazito wakigongana katikati, vumbi linapanda, tifu! Linafika kwenye magoti ya Twiga. Linafika kwenye kifua. Linaganda hapo. Kichwa cha Twiga kiko juu kwenye hewa safi, na akitazama chini, katikati anaona wingu la vumbi, basi. Anayemwona ni Duma, anayetokeza pembeni akiwa safi, amepambwa na madoa yake.

Kilimani walikuwa na desturi. Bi Kanga alikaa juu ya kichuguu kuwa shahidi. Kila mchezaji aliyemwangusha mrushaji, Bi Kanga alijing'oa unyoya mmoja, akamchomeka kichwani. Na kwenye foleni ya bwawani walipangwa kwa manyoya. Mwenye mengi anatangulia, mwenye machache anafuata, asiye na kitu anakuja mwisho. Baada ya miaka mitano Duma alikuwa na manyoya arobaini, akitembea anayatikisa. Bi Kanga mwenyewe alikuwa nusu mgongo uchi, kiangazi chote anaungua jua.

Kiboko alikuwa na manyoya mangapi? Semeni nyie.

— Hana!

Hana hata moja. Kwa hiyo aliingia bwawani wa mwisho, wakati maji yameshakorogwa, yamekuwa tope la kufinyangia chungu. Alivumilia. Ngozi yake ilikuwa ngumu, na hakuwa na mtoto.

Mwaka wa sita mkewe akazaa. Mtoto wa kiboko huzaliwa laini, ngozi yake haitaki jua, inataka maji. Na mwaka ule jua lilitangulia. Bado mchezo haujachezwa, kila upande unachota maji kwa zamu, na foleni ni ileile ya manyoya. Mtoto akaingia kwenye tope, akatoka na tope, tope likakauka, ngozi ikapasuka. Mama yake akawa anamlamba damu mgongoni, analia. Kiboko akaona hapana. Akaenda kwa Twiga.

"Shikamoo, Mzee Twiga."

"Marahaba. Nani huko chini?"

"Mimi, Kiboko."

"Aa, Kiboko. Sema upesi, shingo inaniuma nikiinama."

"Nina ombi moja, mzee. Nimewachezea miaka mitano. Siombi cheo, siombi nyimbo. Naomba mwanangu aingie bwawani mwanzo, maji yakiwa bado maji. Ngozi inampasuka. Ataniishia mikononi."

"Una manyoya mangapi?"

"Sina."

"Miaka mitano huna hata unyoya mmoja?"

"Sina, mzee."

"Sasa ulikuwa unafanya nini huko uwanjani?"

"Nilikuwa nasukuma."

"Unasukuma nini?"

"Nyati wawili."

Twiga akacheka mpaka majani yakamtoka mdomoni. "Nyati wawili! Mbona mimi sijakuona hata siku moja? Mimi ninayeona mpaka mbuga ya tatu?"

"Ni vumbi, mzee."

"Ni vumbi! Duma, njoo umsikie mwenzako, anajitetea kwa vumbi."

Duma akaja, manyoya yanatikisika. Akasema, "Mzee, tusidanganyane. Huyu anasimama tu. Kazi naifanya mimi. Nakimbia, nafika, namkuta Nyani peke yake. Kila mwaka namkuta peke yake! Mrushaji gani asiye na walinzi? Mimi hata sijui walinzi wake huwa wamekwenda wapi."

Kiboko akamtazama. "Hujui?"

"Sijui."

"Basi," Kiboko akasema.

Twiga akamaliza, "Utaratibu ni utaratibu, Kiboko. Angusha mrushaji, upate unyoya, mwanao asogee mbele. Mwenyewe unaona ni rahisi." Akarudisha kichwa juu kwenye hewa safi.

Shemeji Mhina, unajikuna nini? Tulia, bado.

Kule Bondeni mkubwa wao alikuwa mama mmoja, Bibi Ngiri. Mnamjua ngiri anavyokula. Hainami, anapiga magoti, anakula majani akiwa kwenye magoti yake, mkia juu. Miaka yote mitano Bibi Ngiri alitazama mchezo hivyohivyo, amepiga magoti, anatafuna, macho yako chini kabisa, chini ya vumbi. Hakuona manyoya. Hakuona madoa ya Duma. Aliona miguu. Aliona kwato nane za Nyati wake zikirudi nyuma, zikichimba mitaro, zikirudi nyuma. Na aliona miguu minne mifupi ikizifuata.

Akainuka, akapangusa magoti, akaenda Kilimani.

"Hodi kwa Mzee Twiga."

"Karibu. Nani huko chini?"

"Mimi Bibi Ngiri. Nasikia una mchezaji hana hata unyoya mmoja, anakusumbua na shida za mtoto. Nipe mimi huyo. Na mimi nikupe Mbuni wangu."

Twiga akatoa macho. Mbuni! Akamtazama Mbuni amesimama nyuma ya Bibi Ngiri, mabawa yamemjaa, mkia umemjaa, manyoya kila mahali.

"Bi Kanga! Hebu mhesabie huyu manyoya!"

Bi Kanga akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Jua likapanda. Alipofika mia nane Mbuni akapiga chafya, hesabu ikapotea. "Inatosha!" Twiga akapiga kelele. "Mia nane! Duma kahangaika miaka mitano, kapata arobaini. Huyu ana mia nane na zaidi, na bado hajatuchezea hata mchezo mmoja!"

Bi Kanga akamnong'oneza, "Mzee, haya ni ya kwake mwenyewe. Amezaliwa nayo."

"Nyamaza wewe, kazi yako ni kuhesabu."

Twiga akamwinamia Bibi Ngiri, akajifanya kusitasita kidogo, kisha akasema, "Haya, kwa ujirani wetu, nakubali." Bibi Ngiri alipogeuka, Twiga akamkonyeza Duma. Aliona amempata mjinga.

Njiani, mke na mtoto wakifuata nyuma, Bibi Ngiri akamwambia Kiboko, "Sikudanganyi, baba. Zamu yetu ya maji imekwisha leo asubuhi, na mchezo ni kesho. Tukishinda, mwanao ndiye wa kuingia bwawani mbele ya kila mtu, mimi mwenyewe nitakuwa nyuma yake. Tukishindwa, sote tunakwenda Ziwa la Magadi."

Kiboko akamtazama mtoto. Siku tatu juani, na mgongo ule. Mtoto asingefika. Kiboko alijua, na mkewe alijua. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa akishindaniwa kwenye mchezo wa kesho, msifikiri ni bwawa.

Kukapambazuka. Wanyama wakajaa pande zote. Twiga akawapanga wake. "Duma, pembeni, mahali pako. Mbuni, wewe mwenye mia nane, kaa pale katikati alipokuwa Kiboko. Pale hapana kazi, utapumzika tu."

Bondeni wakapewa tunda kwanza. Nyani akalishika. Nyati wa kushoto akatoa pumzi, hmmf! Nyati wa kulia akatoa pumzi, hmmf! Mbuni akamtazama wa kushoto. Akamtazama wa kulia. Akakumbuka ameacha mayai nyumbani. Akageuka, akatoka mbio, tititititi! Mbio hizo, hata Duma alimpigia saluti. Hawakumwona tena mpaka jioni.

Duma hakujali. Vuu! Akachomoka pembeni kama siku zote. Akazunguka kama siku zote. Akafika. Na pale alipozoea kumkuta Nyani peke yake, akamkuta Nyati wa kulia, amesimama, hana shughuli, anamsubiri.

Duma akafunga breki. Miaka mitano alikuwa hajawahi kuuona uso wa Nyati akiwa kazini. Alikuwa anaona kisogo tu.

"Shikamoo," Duma akasema.

"Marahaba," Nyati akajibu, akampiga.

Pu! Manyoya matano yakaruka. Duma akainuka, akajaribu tena. Pu! Manyoya kumi. Nyani kule nyuma alikuwa na nafasi mpaka ikamchosha. Akajikuna kwapa. Akatoa kupe, akamtazama, akamla. Ndipo akainua mkono, akalirusha tunda taratibu, likadakwa, alama. Akarusha tena, alama. Wale waliokuwa wakiimba *Duma, Duma* walianza kuangalia mawingu.

Zamu ikageuka. Sasa Kilimani wakapewa tunda. Mrushaji wao alikuwa Tumbili, na walinzi wake walikuwa Punda Milia wawili, wa kushoto na wa kulia. Twiga akasema, "Haya, turudishe alama zetu." Mbele ya Punda Milia, katikati, akainama Kiboko.

Punda Milia wa kushoto, pu! Punda Milia wa kulia, pu! Vumbi, tifu!

Kiboko yuko palepale. Akatia hatua moja. Wakarudi moja. Safari hii hakuwa anasukuma kwa ajili ya foleni ya mtu. Akatia ya pili, akatia ya tatu, na kila hatua alikuwa akimsikia mwanawe kule nje ya uwanja, analia sauti nyembamba. Ya nne. Ya tano.

"Jamani, nirushie wapi?" Tumbili akapiga yowe. "Nirushie wapi? Hapana nafasi!" Kushoto hapana nafasi. Kulia hapana nafasi. Akatafuta mti, hapana mti. Akaona miguu mirefu ya Twiga nje ya mstari, akaikimbilia na tunda lake, akapanda goti, akapanda kifua, akapanda shingo, akajificha nyuma ya masikio.

"We Tumbili! Unafanya nini huku juu?"

"Mzee, kule chini yuko Kiboko!"

"Kiboko gani? Mimi naona vumbi."

"Basi lingoje hilo vumbi, mzee, linakuja."

Twiga akatazama. Maisha yake yote vumbi lilikuwa limesimama mahali pamoja. Leo lilikuwa linatembea. Linamjia yeye. Humo yakatoka makalio mawili ya Punda Milia, yanarudi kinyumenyume, kwato zinachimba. Kisha, nyuma yao, ikatoka pua pana, na macho mawili mekundu, na Kiboko mzima. Akawatoa Punda Milia nje ya mstari, mbele ya miguu ya Twiga, puu! Akasimama, anahema. Damu inamtoka begani.

"Shikamoo, Mzee Twiga," akasema.

Twiga akarudisha kichwa juu kwenye hewa safi.

Zamu zilizobaki zilikuwa hivyohivyo, sitawachosha. Jua lilipoelekea kuzama, Bondeni walikuwa na bwawa.

Nani aliingia kwanza? Mtoto. Aliingia wakati maji yametulia, yanaonyesha mbingu. Chubwi! Akazama, akaibuka, akapuliza maji puani, akazama tena. Hakulia. Mama yake alisimama ukingoni, ndiye aliyelia yeye. Bibi Ngiri akamwambia Kiboko, "Ingia na wewe, baba, umefanya kazi." Kiboko akaingia. Hakuna aliyemwimbia. Akalala kwenye maji masafi, mwanawe akampanda mgongoni, na nadhani hakuwa na haja ya wimbo.

Na wa Kilimani? Wakakaa kikao. Kushindwa lazima kupate mwenye kosa, si ndivyo? Duma, nundu imemtoka usoni kama embe, akasimama. "Mimi mbio zangu hazijapungua," akasema. "Tatizo ni vumbi. Ningeona vizuri, ningefika."

Twiga akatikisa kichwa kwa busara. "Duma amesema kweli. Hata mimi leo vumbi limenizidi. Naamua hivi: mwaka ujao, kabla ya mchezo, uwanja wote umwagiwe maji."

Wakapiga makofi. Vifijo! Ee, mkubwa wetu ana akili! Makofi yakalia mpaka Bi Kanga, mgongo uchi, akainua bawa lake.

"Mzee," akauliza, "maji yapi?"

Makofi yakakoma. Upande wa pili wa kichuguu ikasikika chubwi, chubwi, mtoto anacheza.

Twiga akanyoosha shingo, akatazama mbali, mbuga ya kwanza, mbuga ya pili, mbuga ya tatu. Yaani macho anayo. Akayaona maji, yanang'aa meupe huko mwisho kabisa. Ziwa la Magadi. Wakaanza kutembea.

Basi, watoto wangu, na wewe shemeji yangu, fundisho ni hili, nalisema wazi asije mtu akasema hakulielewa. Anayefanya kazi pasipoonekana, anafanya kazi. Akikuzuilia wawili, wewe ukapita peke yako ukasifiwa, hizo sifa nusu ni zake, mpelekee. Ukitaka kujua thamani ya mtu, usihesabu alichochomekwa kichwani, tazama ni akina nani wanarudi nyuma wakiwa mbele yake. Na kama huoni kwa sababu ya urefu wako, piga magoti uangalie, kabla hujamtoa kwa mwenzio aliyekwisha kupiga.

Hadithi yangu naitua hapa, kwa leo imenitosha, mgongo unauma. Mhina, zima hiyo simu, tukale.